Sala Iliyogeuka Shtaka: Ibada ya Wakristo wa Buganda Wakati wa Mateso ya 1885–1887

1.0 Utangulizi

Tarehe 26 Mei 1886, katika makazi ya kifalme ya Munyonyo kando ya Ziwa Viktoria, Kabaka Mwanga wa Pili aliwakusanya vijana waliomhudumia na kuwaamuru wagawanyike makundi mawili. Kwa mujibu wa ushahidi wa walionusurika, aliagiza wasiosali wabaki karibu naye, na wanaosali wasogee upande wa pili. Amri hiyo haikutaja mafundisho yoyote ya Kikristo. Haikutaja njama na Wazungu, wala jina la Kristo. Kigezo cha kuwatenga waliostahili kufa na waliostahili kuishi kilikuwa tendo moja tu, yaani kusali.

Maandishi mengi kuhusu wafiadini wa Uganda yamelipita jambo hili kwa haraka. Maandishi ya kidini yameitazama sala kama pambo la utakatifu wao: walisali kwa sababu walikuwa watakatifu. Kwa upande mwingine, maandishi ya historia ya kisiasa, hasa tangu miaka ya 1960, yameyaeleza mauaji hayo kwa kutazama hofu ya Mwanga mbele ya uvamizi wa Wazungu, ushindani wa machifu na mgogoro wa utii ndani ya ikulu. Katika maelezo hayo sala hubaki kuwa jambo la faragha lisilo na uzito wa kihistoria.

Insha hii inatetea hoja tofauti. Inadai kwamba sala ilikuwa kiini cha mgogoro wenyewe, kwa sababu mbili zinazotegemeana. Kwanza, sala ilikuwa ndiyo taasisi iliyowaunganisha waumini wakati ambapo hapakuwa na mapadri wala majengo ya ibada waliyoyategemea. Pili, sala iliunda mamlaka na saa ambazo hazikuwa za Kabaka, katika ufalme ambao muda na mwili wa mhudumu vilihesabiwa kuwa mali ya Kabaka. Kwa hiyo aliyesali alionekana na wenzake kuwa mwanajumuiya, na kwa tendo hilohilo alionekana na ikulu kuwa muasi.

Ushahidi unaotumika hapa ni wa aina tatu: maandishi ya wamisionari waliokuwapo Buganda, kama vile Alexander Mackay na R. P. Ashe wa Chama cha Wamisionari wa Kanisa la Anglikana (CMS), pamoja na Mapadri Wazungu wa Kanisa Katoliki. Ushahidi wa Waganda walionusurika, uliokusanywa kabla ya wafiadini Wakatoliki kutangazwa wenye heri mwaka 1920. Na uchambuzi wa wanahistoria wa baadaye. Aina mbili za kwanza zinahitaji tahadhari. Wamisionari waliandika wakitaka kuwagusa wafadhili wao huko Ulaya, na walionusurika walihojiwa kwa lengo la kuthibitisha utakatifu wa wenzao. Hata hivyo, tahadhari hiyo haiubatilishi ushahidi unaohusu sala, kwa maana sala inatajwa pia pale ambapo mwandishi anaeleza jambo jingine kabisa: nani alikamatwa nyumbani kwa nani, saa ngapi, na kwa nini watu walikuwa wamekusanyika hapo.

2.0 Kusoma na Kusali: Msamiati wa Dini Mpya

Ili kuelewa kwa nini Mwanga alitumia kigezo cha sala, ni lazima kurudi nyuma, kabla ya Ukristo kufika Buganda. Uislamu ndio uliotangulia. Wafanyabiashara kutoka pwani, miongoni mwao Ahmed bin Ibrahim aliyefika mwaka 1844 wakati wa Kabaka Suna wa Pili, walileta nguo, bunduki, Kiswahili na dini yao. Kabaka Mutesa wa Kwanza, aliyetawala kuanzia mwaka 1856 hadi 1884, aliupokea Uislamu kwa kiasi kikubwa. Kuanzia mwaka 1867 alishika mfungo wa Ramadhani kwa takriban miaka kumi, akahimiza watu wake wasali, na akajenga msikiti katika ikulu yake.

Pamoja na dini hiyo uliingia msamiati mpya. Katika Luganda, neno kusoma lililotoka katika Kiswahili lilipata maana mbili kwa pamoja: kusoma maandishi na kusali. Aliyejifunza dini aliitwa msomaji, awe Mwislamu, Mwanglikana au Mkatoliki. Msamiati huu unadokeza jinsi dini mpya zilivyoonekana machoni pa Waganda. Dini haikuwa kwanza itikadi ya moyoni. Ilikuwa zoezi linaloonekana, lenye saa zake, maneno yake ya kukariri, na mwalimu wake.

Mwaka 1876 zoezi hilo lilisababisha umwagaji damu wa kwanza. Waislamu vijana wa ikulu walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa Kabaka wasiotahiriwa, wakahoji uelekeo wa msikiti, na wakakataa kuongozwa katika sala na Mutesa mwenyewe kwa kuwa hakuwa ametahiriwa. Mutesa aliamuru wauawe. Wapatao 70 waliangamia, na wengi wao walichomwa Namugongo, mahali palepale ambapo Wakristo wangechomwa miaka kumi baadaye.

Tukio hilo lina uzito mkubwa kwa hoja ya insha hii. Linaonyesha kuwa mgogoro baina ya sala na kiti cha enzi ulikuwapo kabla mmisionari wa kwanza Mkristo hajakanyaga Buganda, na kabla ya Wajerumani kutwaa ardhi ya pwani. Kwa hiyo, maelezo yanayoyahusisha mauaji ya 1885–1887 na hofu ya ukoloni peke yake hayatoshi. Vilevile, maelezo yanayoyahusisha na chuki dhidi ya Kristo peke yake hayatoshi, kwani Mutesa aliwaua Waislamu kwa kosa la aina ileile: kuuweka utaratibu wa sala juu ya neno la Kabaka.

Ukristo uliingia kupitia mlango huohuo wa Kiswahili. Henry Morton Stanley alipoondoka Buganda mwaka 1875, alimwachia Mutesa kijana aliyeitwa Dallington Scopion Maftaa, aliyekuwa amesomeshwa Unguja na wamisionari wa UMCA, ili aendelee kumsomea maandiko. Wamisionari wa CMS walipofika mwezi Juni 1877, na Mackay alipowafuata mwaka 1878, walifundisha na kusoma Injili kwa Kiswahili mbele ya Mutesa, wakitumia tafsiri zilizotayarishwa Unguja chini ya Askofu Edward Steere. Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans wa Mapadri Wazungu walifika Februari 1879, nao walitumia Kiswahili kabla ya kuimudu Luganda. Hivyo basi, sala za kwanza za Kikristo ambazo Waganda wengi walizisikia zilikuwa katika lugha ya pwani.

3.0 Jumuiya Isiyokuwa na Mapadri, 1882–1885

Wakatoliki wa kwanza wanne walibatizwa tarehe 27 Machi 1880, na Waanglikana watano wa kwanza tarehe 18 Machi 1882. Baada ya ubatizo wa mwanzo, Mapadri Wazungu walianza kuufuata utaratibu mrefu wa mafunzo uliowekwa na Kardinali Charles Lavigerie, ambao ulimtaka mwongofu akae katika mafunzo kwa miaka minne. Hata hivyo, mwezi Novemba 1882 mapadri hao waliondoka Buganda na kwenda kusini mwa ziwa, Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo. Hawakurudi hadi Julai 1885.

Kipindi hiki cha takriban miaka miwili na miezi minane ndicho msingi wa yote yaliyofuata. Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa walikuwa wamebatizwa tarehe 30 Aprili 1882, na Matia Mulumba na Luka Banabakintu tarehe 28 Mei mwaka huohuo. Kwa maneno mengine, watu hawa walikuwa na miezi michache tu ya maisha ya Kikristo walipoachwa peke yao. Kanisa lililobaki lilikuwa la walei. Hapakuwa na misa wala kitubio. Kilichokuwapo ni sala zilizokaririwa, mafundisho yaliyokumbukwa, na ubatizo uliotolewa na walei kwa wagonjwa waliokuwa katika hatari ya kufa.

Jumuiya zilijengeka kuzunguka nyumba za watu hawa. Ndani ya ikulu, Yosefu Mukasa, aliyekuwa na wadhifa mkubwa katika nyumba ya Kabaka, aliwakusanya vijana na kuwafundisha. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, alikuwa na kundi lake. Huko Mityana katika jimbo la Ssingo, mbali na ikulu, Matia Mulumba, Luka Banabakintu na Nowa Mawaggali walijenga jumuiya iliyokutana majumbani kwa sala na mafundisho. Mulumba alikuwa amewahi kufuata Uislamu, kisha akajifunza kwa Waanglikana, kabla ya kujiunga na Wakatoliki. Historia yake binafsi inaonyesha jinsi njia za wasomaji zilivyopishana. Mapadri waliporudi mwaka 1885 hawakukuta kundi lililosambaratika. Walikuta watu wengi zaidi ya wale waliowaacha, wakiwa tayari wamefundishwa.

Kwa upande wa Waanglikana hali ilikuwa tofauti kidogo, kwa kuwa wamisionari wao hawakuondoka. Hata hivyo nao walijiandaa. Mwaka 1885, baada ya mauaji ya kwanza, waliunda baraza la wazee Waganda ambao wangeweza kuendesha ibada majumbani kama wamisionari wangefukuzwa au kuuawa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani ulihamisha ibada kutoka kituo cha misheni na kuipeleka katika nyumba zilizotapakaa, ambazo si rahisi kuzifunga zote kwa siku moja.

Hapa ndipo sala inapoonekana kuwa taasisi. Ilikuwa na mahali, yaani nyumba ya mzee wa jumuiya. Ilikuwa na saa, hasa alfajiri na usiku. Ilikuwa na kiongozi, ambaye hakuteuliwa na Kabaka. Na ilikuwa na sharti la kujiunga, yaani kujifunza maneno yake. Jumuiya ya namna hii haiangamizwi kwa kumfukuza mgeni anayeifadhili. Inaweza kuguswa tu kwa kuwagusa wanaosali wenyewe, na ndivyo ilivyotokea.

4.0 Kwa Nini Sala Ilihesabiwa Kuwa Kosa

Mutesa alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawazwa akiwa bado kijana sana. Alirithi ufalme wenye hofu za kweli. Tangu mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alikuwa akifanya mikataba ya ardhi upande wa bara kutoka pwani, na mwaka 1885 Ujerumani ikaitangazia ulinzi sehemu hiyo. Mwezi Agosti manowari zake zilimtisha Sultani wa Zanzibar. Habari hizi zilifika Buganda kupitia wafanyabiashara. Ilikuwapo pia imani kwamba maangamizi ya Buganda yangetokea mashariki, kupitia Busoga. Askofu James Hannington alipokuja kwa njia hiyohiyo kutoka Rabai na nchi ya Wamasai, alikamatwa Busoga na kuuawa kwa amri ya Mwanga tarehe 29 Oktoba 1885, pamoja na wapagazi wake karibu wote. Shajara ya siku zake za kifungoni, iliyopatikana baadaye, inataja zaburi alizozisoma hadi siku ya mwisho.

Mwanga basi hakuwa mtu wa kuogopa vivuli. Lakini hofu ya Wazungu haielezi kwa nini waliouawa walikuwa Waganda, na hasa wahudumu wa ndani kabisa, ilhali wamisionari wenyewe waliachwa hai. Jibu linapatikana katika nafasi ya mhudumu wa ikulu. Kijana aliyetolewa na ukoo wake kumhudumia Kabaka hakuwa na saa yake mwenyewe. Aliitwa wakati wowote, akatumwa popote, na mwili wake ulikuwa chini ya amri ya bwana wake. Kwa kumtumikia Kabaka bila masharti, kijana wa ukoo wowote angeweza kupanda hadi uchifu. Utii huo ndio uliokuwa ngazi ya maisha.

Sala iliigusa ngazi hiyo kwa njia tatu. Kwanza, iliweka saa ambazo mhudumu hakupatikana. Tarehe 25 Mei 1886 Mwanga alirudi kutoka kuwinda viboko ziwani na kukuta baadhi ya wahudumu hawapo. Aliambiwa kwamba Dionisi Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mtoto wa Katikkiro, waziri mkuu wa ufalme. Dionisi akawa wa kwanza kuuawa katika wimbi hilo.

Pili, sala iliweka mpaka juu ya mwili. Vyanzo vya Wakatoliki na Waanglikana vinakubaliana kwamba Mwanga aliwataka baadhi ya wahudumu wamtimizie matakwa ya kimwili, na kwamba vijana Wakristo walikataa wakisaidiwa na wakubwa wao katika imani. Baadhi ya waandishi wamelifanya jambo hili kuwa sababu pekee ya mauaji, na wengine wamelikwepa. Kwa mtazamo wa insha hii, lilikuwa sehemu ya swali lilelile: ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya mhudumu?

Tatu, sala ilizaa uongozi mbadala. Yosefu Mukasa alimkemea Kabaka kwa kumuua Hannington bila kumpa nafasi ya kujitetea, na alikuwa akiwakinga vijana wake. Mhudumu aliyethubutu kumweleza Kabaka kwamba amekosea hakuwa tena mhudumu kwa maana ya zamani. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Jambo la kuzingatia ni kwamba kifo chake hakikuwatawanya wafuasi wake. Usiku uliofuata vijana kadhaa, Karoli Lwanga akiwa mmojawapo, walikwenda kwa mapadri kuomba ubatizo, na Lwanga akashika nafasi ya kuwaongoza wenzake. Mkuu aliondolewa, lakini nafasi yake haikubaki wazi, kwa sababu haikutegemea cheo kilichotolewa na ikulu.

5.0 Sala Katika Siku za Mateso

Mifano michache inatosha kuonyesha jinsi sala ilivyofanya kazi wakati wa hatari. Tarehe 31 Januari 1885, kabla ya kifo cha Hannington, vijana watatu Waanglikana, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa na kuchomwa Busega. Masimulizi ya wamisionari yanasema kwamba waliimba wimbo wa Kikristo wa Kiswahili walipokuwa wakipelekwa kuuawa. Ashe anaeleza pia kwamba mmoja wa waliotumwa katika mauaji hayo alikuja baadaye kuomba afundishwe kusali. Hata kama tutaupokea usimulizi huu kwa tahadhari, umbo la ombi hilo linafaa kuangaliwa: mtu huyo hakuomba kuelezwa mafundisho, aliomba kufundishwa tendo aliloliona.

Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Mei 1886, huko Munyonyo, vijana walikwisha kujua kwamba kifo kimekaribia. Karoli Lwanga, ambaye hakuwa padri, aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa chini yake, miongoni mwao Kizito, aliyekuwa na umri wa takriban miaka 14. Kitendo hicho kilikuwa matunda ya miaka ya 1882–1885. Jumuiya ilikuwa imezoea kwamba mlei anaweza kubeba wajibu wa kanisa pale ambapo padri hafikiki, na kwa hiyo hakuna muda uliopotea kutafuta ruhusa.

Kulipokucha, Mwanga alipoamuru wanaosali wasogee kando, Lwanga na wenzake walisogea. Wangeweza kunyamaza. Baadhi ya wasomaji wa Buganda walijificha katika siku hizo, na wamisionari wenyewe waliwashauri watu wasijitafutie kifo. Lakini kwa wale walioulizwa ana kwa ana, kukana sala kungekuwa kukana uanachama wa jumuiya mbele ya wanajumuiya. Mbaga Tuzinde, aliyehusiana kifamilia na Mukajanga, mkuu wa wanyongaji, alisihiwa mara kwa mara akane au akubali kufichwa. Alikataa, na aliuawa kwa pigo la shingoni kabla mwili wake haujawekwa motoni, rehema ya mwisho ambayo jamaa yake aliweza kumpatia.

Wafungwa walikaa Namugongo kwa takriban juma moja wakisubiri kuni zikusanywe. Vijana watatu waliosamehewa dakika za mwisho, akiwamo Denis Kamyuka, ndio waliotoa ushahidi wa siku hizo. Wanaeleza wafungwa waliofungwa minyororo na kongwa, wakisali pamoja asubuhi na jioni kama walivyozoea. Jambo hili linaweza kusomwa kama ushujaa, na bila shaka lilikuwa ushujaa. Kwa mwanahistoria, ni pia mwendelezo wa ratiba. Waliondolewa ikuluni, wakanyang'anywa kazi zao, nguo zao na ndugu zao, lakini saa za siku zilibaki kugawanywa kwa sala. Tarehe 3 Juni 1886 Lwanga na wenzake 12 Wakatoliki waliuawa, pamoja na Waanglikana waliokuwa katika kifungo hichohicho. Madhehebu mawili yaliyokuwa yakishindana mbele ya kiti cha enzi yalikutana katika moto mmoja.

Mateso hayakuishia Namugongo. Matia Mulumba alikatwakatwa na kuachwa afe peke yake katika kilima cha Kampala ya Kale. Andrea Kaggwa aliuawa Munyonyo. Nowa Mawaggali aliuawa Mityana tarehe 31 Mei, na dada yake, Munaku, alijitokeza kwa askari akitaka kufa pamoja naye. Alichukuliwa mateka na baadaye akakombolewa. Mwanglikana Robert Munyaga, mmoja wa wazee wa baraza, alivamiwa nyumbani kwake ambako watu walikuwa wamekutana kusali. Kwa mujibu wa Ashe, aliwaambia askari wasiiogope bunduki iliyoegemezwa ukutani, kwa maana hakukusudia kuitumia. Wa mwisho katika orodha ya Wakatoliki, Yohane Maria Muzeyi, aliuawa tarehe 27 Januari 1887.

Orodha zilizokubalika zina Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Tukiziangalia orodha hizo kwa jicho la hoja yetu, tunaona kwamba mateso yaliwalenga wale walioongoza sala, katika nyumba walimosalia. Nyumba nyingine ziliendelea. Mackay alipiga chapa barua fupi ya kuwatia moyo waumini, na mwaka 1887 Injili ya Mathayo katika Luganda ilitoka katika mtambo wake mdogo. Wanafunzi wa dini walizidi kuongezeka.

6.0 Mipaka ya Sala: 1888 Hadi 1892

Hoja iliyotolewa hapa haitakuwa ya haki ikiishia mwaka 1887. Jumuiya zilizojengwa na sala zilikuwa pia jumuiya za watu wenye vyeo, silaha na tamaa ya madaraka. Baadhi ya walionusurika katika ghadhabu ya Mei 1886, kama Apolo Kaggwa aliyejeruhiwa na Honorat Nyonyintono aliyehasiwa, waliinuliwa kuwa wakuu wa vikosi. Mwezi Septemba 1888 Waislamu na Wakristo waliungana kumpindua Mwanga. Haukupita muda, Waislamu wakawafukuza Wakristo. Mwanga aliyekimbia alipata hifadhi Bukumbi, katika misheni ya mapadri walewale ambao aliwaua wanafunzi wao, na Wakristo wakampigania hadi akarudi katika kiti chake. Kisha, tarehe 24 Januari 1892, Waanglikana na Wakatoliki walipigana wenyewe kwa wenyewe katika vita vya Mengo, na bunduki ya Maxim ya Frederick Lugard ikaamua mshindi.

Haikuwa imetimia miaka sita tangu moto wa Namugongo. Swali lisiloepukika ni hili: je, sala iliyowafanya watu wafe bila kuinua mkono ilikwenda wapi? Jibu rahisi ni kwamba siasa iliichafua dini. Insha hii inapendekeza jibu gumu zaidi. Nguvu ileile iliyowahimili wafungwa, yaani kufahamiana kwa wanaosali nyumba moja na chini ya mzee mmoja, ndiyo iliyowafanya wajihesabu kuwa kundi lililotengana na makundi mengine. Nyumba ya sala ilikuwa pia nyumba ya siri na ya utii. Wakati wa mateso, uaminifu huo ulizaa wafiadini. Wakati wa kugawana vyeo, ulizaa vyama.

Kutambua hili hakuwapunguzii heshima waliouawa. Kunatusaidia kuepuka kosa la kuwaweka nje ya historia yao. Wala hakumgeuzi Mwanga kuwa shujaa asiye na doa wa kupinga ukoloni, kama baadhi ya masimulizi ya kizalendo yanavyodokeza. Mwanga alikuwa na sababu ya kuwaogopa Wazungu, na matukio yaliyofuata yalithibitisha hofu yake: alipokonywa ufalme na Waingereza, akahamishiwa Shelisheli, na huko akabatizwa kwa jina la Danieli kabla ya kufariki mwaka 1903. Lakini hofu hiyo aliielekeza kwa vijana wasio na jeshi, kwa kosa la kutumia saa zao kumwomba mwingine. Mambo haya mawili ni ya kweli kwa pamoja, na historia isiyoyabeba yote mawili ina upungufu.

7.0 Hitimisho

Insha hii imejaribu kuonyesha kwamba sala ya Wakristo wa Buganda kati ya mwaka 1885 na 1887 haikuwa faraja ya pembeni. Ilikuwa ndiyo iliyounda kanisa katika miaka ambayo mapadri hawakuwapo, ndiyo iliyompa mhudumu wa ikulu saa na mpaka ambao Kabaka hakuuweka, na kwa sababu hiyo ndiyo iliyoandikwa katika shtaka. Mfano wa Waislamu wa mwaka 1876 umethibitisha kuwa mgogoro huo ulitokana na asili ya ufalme wenyewe kukutana na dini za wasomaji, na haukuanzishwa na ujio wa Wazungu pekee. Matukio ya 1888 hadi 1892 yameonyesha kwamba taasisi iliyojengwa kwa sala ingeweza pia kutumika kwa mambo mengine.

Kanisa Katoliki liliwatangaza wafiadini wake 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na Papa Paulo wa Sita akawataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo. Leo, kila tarehe 3 Juni, mahujaji hufika Namugongo, wengine kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania. Ardhi wanayosalia ilipokea kwanza miili ya Waislamu wa mwaka 1876, ambao nao walikufa kwa sababu ya sala. Utafiti zaidi unahitajika kuzilinganisha kwa kina jumuiya hizi tatu za wasomaji, Waislamu, Wakatoliki na Waanglikana, kwa kutumia vyanzo vya Luganda na vya Kiswahili pamoja na kumbukumbu za misheni. Katika Kiswahili, shahidi ni anayekufa kwa ajili ya dini yake, na pia ni yule anayesimama barazani kueleza alichokiona. Waliosogea upande wa pili pale Munyonyo walikuwa mashahidi kwa maana zote mbili, na wajibu wa mwanahistoria ni kuusikiliza ushahidi wao wote, hata ule ambao maadhimisho hayapendi kuutaja.